Prosesa ya Farhat

Wewe umewahi kuwa mdomo wa mtu mwingine, halafu mdomo huo ukakwama katikati ya neno?

Hilo ndilo lililomkuta Farhat Jumanne moja ya Novemba, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Alikuwa amekaa kitandani kwake, ghorofa ya kumi na moja, Regent Park, Toronto, mto mmoja mgongoni, mto mwingine mapajani, kompyuta juu ya mto, mlango umefungwa kwa ufunguo. Kazi yake ni ukalimani. Daktari akiwa na mgonjwa asiyejua Kiingereza hubonyeza kitufe, na Farhat hutokea kwenye kioo kando ya kitanda cha mgonjwa, hijabu yake ya kijivu imepigwa pasi, akapokea maneno upande huu na kuyatoa upande ule. Huwakalimania watu wa Kigoma, wa Mombasa, wa Bukavu, na wale wa Bukavu wakichanganya Kifaransa huwauliza kwa adabu, "Mama, hilo neno kwenu lina maana gani?" Miaka mitatu aliifanya kazi hiyo na hakuchelewa hata siku moja.

Siku hiyo mgonjwa alikuwa mama wa makamo kutoka Uvira, amejifunga kilemba cha kitenge cha kijani, mikono ameikunja juu ya shuka. Daktari alisema vipimo vimerudi. Farhat akaanza: "Mama, daktari anasema vipimo vimerudi, na wameona kwamba..."

Picha ikaganda. Feni ya kompyuta ilikuwa inavuma kama blenda yenye barafu. Yule mama alibaki kwenye kioo macho ameyatoa, mdomo umefunguka kidogo, anangoja hilo "kwamba" liishie wapi. Farhat akabonyeza hiki, akabonyeza kile, akaita, "Haloo? Haloo, Mama, unanisikia?" Picha ilipoondoka, kioo kilikuwa cheusi chenye maandishi meupe: simu imehamishiwa kwa mkalimani mwingine. Kwa hiyo Farhat hakujua waliona nini. Heri au shari, mpaka leo hajui.

Adhuhuri ikaingia barua pepe ya msimamizi. Ilikuwa na adabu zake zote, "Mpendwa Farhat" juu na "kwa heshima" chini, lakini katikati ilisema kwamba hii ni mara ya tatu mwezi huu. Jumatatu saa tatu asubuhi kompyuta yake itapimwa kutoka hukohuko kampuni. Ikishindwa, atatolewa kwenye video na kubaki kwenye simu za sauti tupu, ambazo hugombaniwa na wakalimani mia na malipo yake ni nusu.

Farhat aliisoma mara tatu. Mshahara wa mumewe ulilipa nyumba. Wake ulilipa kila kilichokuwamo ndani ya nyumba, kuanzia chumvi.

*

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili, na walikaa wanne. Chumba kimoja Farhat na mumewe Mohamedtaki, ambaye wote walimwita Taki, na ambaye kazi yake ni kupeleka dawa majumbani kwa gari. Chumba cha pili binti yao Kisa, miaka kumi na sita, pamoja na bibi yake, Mama Gulshan, mzazi wa Taki. Mama Gulshan alitoka Tanga na mikono isiyojua kupumzika. Hakuna kitu ndani ya nyumba ile kilichokaa uchi. Televisheni ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, birika la umeme chake, mashine ya kuokea mkate chake, hata rimoti ilikuwa na soksi. Kompyuta ya Farhat ilifumiwa kitambaa chake mwaka ule alipopata kazi: samawati, pindo jeupe la mawimbi, kinene kama kiganja cha mtu. "Kikae chini yake," alisema Mama Gulshan, "isikuunguze mapaja, isiteleze." Na tangu siku hiyo kompyuta haikukaa pengine.

Jioni hiyo walikula kuku wa nazi. Farhat aliwaeleza habari ya barua polepole, kama anayeeleza habari ya mtu mwingine.

Taki aliweka kijiko chini. "Tatizo ni prosesa."

"Prosesa ndiyo nini?" aliuliza mama yake.

"Ndiyo injini ya kompyuta, Mama. Mwili ni mzima, kioo kizima, vitufe vizima. Injini imechoka. Unatoa ile, unatia nyingine yenye nguvu. Nimeshaiona kwenye mtandao, dola mia mbili na themanini, nimeiweka kwenye kikapu tayari, bado kubonyeza tu." Akatoa simu. "Nibonyeze?"

"Ngoja kwanza," alisema Farhat.

"Peugeot ya baba si tulitia injini ya gari lililopinduka Segera? Ikatembea miaka tisa! Watu wa huku hawajui kitu, kikiharibika kidogo wanatupa."

Kisa alikuwa anaelewa Kiswahili chote, ila yeye hujibu kwa Kiingereza, na hasemi ila akiona pana haja. Akasema laptop siyo Peugeot. Akasema mama anunue mpya, basi. Ya kwake ya shule wameifunga, hairuhusu programu ya kazi, vinginevyo angempa.

"Mpya kiasi gani?" aliuliza Mama Gulshan.

"Yenye kufaa, elfu moja na mia nne," alisema Taki, naye akarudi kwenye kuku wake kama mtu aliyetaja jina la marehemu.

Mama Gulshan akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kitabu chake cha dua. Katikati ya kurasa mlikuwa na bahasha ya kaki. Nyumba nzima iliijua bahasha ile. Zilikuwa pesa za ziara ya Karbala, kwenye kaburi la Imam, alizokuwa akiziweka kidogokidogo kwa miaka sita, za mirathi na za kushona, na mwaka huu msafara wa akina mama wa msikitini ulikuwa umeshaanza kuandikisha majina.

Akaiweka mezani mbele ya Farhat. "Chukua."

"Mama!" alisema Taki.

"Wewe nyamaza, sikukupa wewe. Farhat mwanangu, chukua. Imam hakimbii, yupo palepale."

Farhat aliifuta mikono yake. Akaisukuma bahasha irudi, taratibu, kwa vidole viwili. "Hapana, Mama. Hii iliyopo inatosha. Tunashukuru."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Ukimwongezea wali, inatosha, tunashukuru. Ukimwuliza sikukuu anataka nguo ya rangi gani, iliyopo inatosha. Wala hakuwa anajikomba, ndivyo alivyokuwa. Aliamka kila asubuhi akawahesabu watu wake kwenye mito yao akamshukuru Mungu kabla ya kuvaa kandambili.

"Basi tutaangalia," alisema Mama Gulshan, akairudisha bahasha kwenye dua yake. "Halafu nani kachukua futi yangu ya kupimia? Wiki ya pili naitafuta. Kisa?"

Kisa akasema kwa Kiingereza chake kwamba yeye futi angeifanyia nini.

Farhat aliinuka akakusanya sahani.

*

Alhamisi Taki alimaliza mzigo mapema, wakaenda wawili kwenye duka la kompyuta. Farhat aliibeba mashine kifuani, imeviringishwa kwenye kitambaa chake cha samawati.

Aliyewapokea alikuwa msichana mchangamfu, kwenye kifua chake kibandiko kimeandikwa Melissa. Alikifunua kitambaa akakisifu kwa dhati, "Kizuri kweli, nani kafuma?" Kisha akageuza kompyuta, akasoma namba za chini, akatikisa kichwa. Alieleza kwamba kwenye mashine za aina hii prosesa haikuchomekwa. Imechomewa kwa risasi ya kulehemia kwenye bodi, moja kwa moja, tangu kiwandani. Haitoki.

"Kila kitu kinatoka," alisema Taki kwa Kiingereza.

"Siyo hiki, bwana."

"Unaijua Peugeot?"

Melissa hakuijua Peugeot. Aliinama karibu na matundu ya pembeni ya kompyuta, akavuta pumzi, akanyoosha uso haraka. "Samahani," akasema, sauti ameishusha, "hii huwa mnaitumia jikoni?"

Hakuwa na nia mbaya, masikini. Lakini nyuma yao palikuwa na foleni, na mwanamume mmoja mwenye koti refu alitabasamu kwa upande. Farhat alijua harufu hiyo: bizari, vitunguu vya kukaanga, na ubani wa Mama Gulshan wa kila Alhamisi. Alijinusa hijabu bila kutaka. Alikumbuka madaktari wote waliomwona kwenye kioo, akamshukuru Mungu kwamba kioo hakipitishi harufu. Kisha akaona aibu kwa shukrani hiyo.

"Nyumba yetu ni ndogo," alimwambia Melissa.

Melissa akawaonyesha mashine mpya zilizopangwa kama samaki sokoni, akasema mnaweza kulipa kila mwezi. Taki akasema ahsante, wataangalia. Nje, theluji ya kwanza ilikuwa inadondoka na kuyeyuka hapohapo.

"Wanataka kuuza tu," alisema Taki garini. "Haitoki, haitoki! Mtu kaiweka, mtu ataitoa. Twende kwa yule Mhaya wa Pickering, Gelasius. Watu wote wa kwetu wanampelekea. Nibonyeze kabisa, ifike kabla ya Jumatatu?"

"Usibonyeze, Taki."

"Wewe unataka nini sasa? Mpya hutaki, prosesa hutaki."

Farhat aliangalia matone kwenye kioo. Swali lilikuwa zuri, ila liliulizwa kwa sauti ya mtu anayetafuta mahali pa kugeuzia gari. "Twende kwa huyo Gelasius," akasema.

*

Jumamosi Mama Gulshan alivaa koti lake kubwa akasema na yeye anakwenda Pickering. Hakusema kwa nini. Lakini alipopanda gari, Farhat aliona pembe ya bahasha ya kaki ikichungulia kwenye pochi, akageuza uso asije akaonekana ameona.

Gelasius alikuwa mtu mrefu wa miaka hamsini hivi, ana duka dogo la kutengeneza simu na kompyuta, redio yake inasema habari za Tanzania kwa sauti ya chini. Alipomwona Mama Gulshan aliacha bisibisi akainama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Hujambo? Watoto?"

"Wazima, Mama. Karibuni, kaeni. Kiti hicho kina mguu mbovu, Mama, kaa hiki." Akamgeukia Taki. "Haya, bwana mkubwa, mgonjwa wetu nani?"

Taki alieleza kila kitu, na Segera akaitia. Akatoa simu kuonyesha prosesa aliyoiweka kikapuni. Gelasius alivaa miwani, akaangalia, akacheka kwa kifua chote.

"Kaka, hii ni ya kompyuta ya mezani, yale makabati makubwa. Hata ukiileta, utaitundika hereni."

"Na ile ya ndani?"

"Yule binti wa dukani alikwambia kweli. Imechomewa. Nikisema nitaitoa nitakula hela yako na mashine nitaiua. Sifanyi."

Taki aliangalia chini. Alikuwa ameisema sana ile injini nyumbani, kwa wiki nzima, na sasa alionekana mdogo ndani ya jaketi lake la kazi. Farhat alimwonea huruma. Hakuna mtu aliyehangaika na kompyuta yake kama huyu, na mikono yake yote miwili haijui kompyuta inawashwa wapi.

Mama Gulshan alikuwa ameshafungua pochi. "Basi baba, tuambie ukweli. Mpya, siyo?"

"Haraka ya nini, Mama? Ngoja nimsikilize kifua." Gelasius aliiwasha kompyuta, akafungua ukurasa fulani wenye namba zinazocheza, akakunja uso. "Mnaona hii? Joto. Tisini na saba. Maji yanachemka mia! Na hii ni mwendo wa prosesa. Inatakiwa ikimbie, yenyewe inatambaa. Siyo mbovu. Inajipunguza makusudi isije ikaungua. Imejizuia hivyo muda mrefu, ukiitazama unadhani ndiyo uwezo wake."

Farhat, aliyekuwa amesimama nyuma, alisogea karibu zaidi.

Gelasius akazima, akapindua, akafungua skrubu moja baada ya nyingine akizipanga kwenye kifuniko cha chupa. Akainua mfuniko wa chini. Akachukua kibano kidogo, akakiingiza penye feni, akavuta. Kikatoka kitu kama kipande cha blanketi. Akavuta tena, kikatoka kingine. Kilikuwa kinene, kimeshikana kwa mafuta na masizi ya ubani, lakini rangi yake haikufichika. Samawati. Na humo ndani, nyuzi nyeupe za pindo.

Redio iliendelea kuongea peke yake.

Mama Gulshan alikiangalia kile kipande juu ya meza. Akaangalia kitambaa chake kilichokunjwa kando. Aliyajua manyoya ya ule uzi kama mtu anavyojua nywele za mwanawe.

"Ni mimi," akasema.

"Mama..." alianza Taki.

"Ni mimi, Taki. Miaka mitatu nimeiziba pua. Mtoto wa watu anahangaika na kazi yake, na mimi niko sebuleni nafuma." Aliishika pochi kwa mikono miwili.

Gelasius aliendelea kufuta feni kwa brashi bila kuinua macho. "Mama yangu kule Bukoba, Mungu amlaze pema, alifunika redio yetu kwa vitambaa vitatu. Ikawa inasoma habari kama mtu mwenye mafua. Baba akivitoa, yeye anarudisha. Anasema, 'Kitu kinacholisha akili za watoto wangu hakikai uchi.'" Akapuliza vumbi. "Ningempata leo anizibe hata hili duka lote."

Farhat alichuchumaa mbele ya mama mkwe wake, pale kwenye kiti. "Mama, nitazame. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa naungua mapaja. Nilikuwa natoka na madoa mekundu. Kitambaa chako ndicho kilichoniponya. Bila hicho ningeiacha kazi kabla ya kulipwa mara ya kwanza."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Mama Gulshan alipangusa pua kwa ncha ya mtandio. Gelasius alipaka dawa ya kupozea juu ya prosesa, tone moja jeupe kama dawa ya meno, akafunga, akawasha. Namba zikapanda, zikasita, zikatua kwenye hamsini na nane. Feni ilinong'ona tu. Taki alipiga makofi kama aliyeona goli.

"Ina miaka mingine mitatu humu, minne," alisema Gelasius. "Ila niambieni, inatumiwa wapi?"

"Kitandani," alisema Farhat.

"Kila siku? Saa nane nzima? Kwa nini kitandani, dada?"

Hapo Farhat alifungua mdomo, akaufunga. Taki akajibu kwa niaba yake. "Kazi inataka mlango ufungwe, siri za wagonjwa. Na chumbani hapana nafasi. Kuna kitanda, kabati la nguo, na kabati la vyombo."

"Vyombo vya Kisa," aliongeza Mama Gulshan, "vya siku ya harusi. Vilikuja na meli kutoka Tanga."

"Aa." Gelasius alimtazama Farhat kidogo, kisha akaacha kumtazama. "Basi godoro ni blanketi jingine. Iwekeni juu ya kitu kigumu, chenye nafasi ya hewa kupita chini. La sivyo mtarudi."

Alikataa malipo. Farhat akakataa kukataa kwake. Mwisho akachukua dola arobaini na ahadi ya chupa ya achari ya ndimu, na Mama Gulshan akasema achari itakuwa chupa mbili.

*

Jumapili Mama Gulshan alikiosha kibao chake cha kusukumia chapati. Kilikuwa cha mbao, cha duara, chenye miguu mitatu mifupi. Alikisugua kwa chumvi na ndimu, akakianika karibu na hita mpaka kikakauka, akakipeleka chumbani kwa Farhat amekibeba mbele kwa mikono miwili.

"Kigumu," akasema, "na hewa inapita chini."

"Mama, na chapati?"

"Nitasukumia mezani."

Chapati za jioni hiyo zilitoka na pembe nne, na Kisa akasema zinafanana na bahasha. Lakini walizila zote.

Jumatatu saa tatu kasorobo Farhat alikuwa ameshakaa kitandani. Kompyuta ilikaa juu ya kibao, pembe zake zimechomoza kila upande. Mbele yake kabati la vyombo lilisimama kama kawaida, refu, la vioo, limefunika dirisha lote isipokuwa ufa wa upana wa kiganja ambamo mwanga wa Toronto ulipita ukiwa umebana tumbo. Nje ya mlango alisikia kandambili za mama mkwe zikija, zikasimama, kisha kiti kikavutwa. Alikuwa amekaa hapo nje na tasbihi. Hasikii maneno, mlango ni mzito; alikaa tu.

Mashine ikapimwa. Mstari wa kijani ulitembea kwenye kioo kutoka kushoto kwenda kulia, dakika saba. Feni ilinong'ona. Mwisho ikatokea alama ya tiki, na chini yake maneno: imekubaliwa.

Alipokea simu tano siku ile. Ya nne ilikuwa ya mzee wa Kilwa, mwenye matatizo ya figo, aliyezungumza dakika arobaini bila picha kukwama hata mara moja. Daktari alipotoka, mzee alimsogelea Farhat kwenye kioo, uso wake umejaa skrini nzima. "Ahsante, mwanangu. Nilikuwa na maneno yangu tele humu kifuani. Umeyatoa yote, hukuniachia hata moja."

Farhat alimuaga, akafunga kompyuta, akabaki amekaa. Alimfikiria yule mama wa Uvira na kilemba chake cha kijani. Alimwombea iwe yule mkalimani mwingine alikuwa na sauti nzuri.

*

Saa kumi alasiri wote walikuwa mezani. Taki amerudi, Kisa amerudi, chai ya tangawizi inatoa mvuke, na sahani ya kaukau za muhogo katikati. Mama Gulshan alikuwa na bahasha yake ya kaki mbele yake, nzima. Asubuhi ile alikuwa ameshampigia simu mama wa msafara akaandikisha jina.

"Alhamdulillahi," alisema kila mara alipoigusa. "Alhamdulillahi. Mungu ampe Gelasius kila anachotaka. Sasa lakini, Farhat, siwezi kwenda Karbala na moyo huu. Nilikuharibia kazi. Nitoe kidogo humu, nikununulie kitu."

"Mimi nimeshaona," alisema Taki, simu mkononi tayari. "Kuna kibao cha kukunja, cha kuweka kitandani, chini kina feni mbili. Dola thelathini na tano. Chapati zetu zirudi duara. Nibonyeze?"

Kisa akasema mama anahitaji spika za masikioni, zile nzuri, siyo waya wa dola tano.

"Au nikushonee mto," alisema Mama Gulshan, "mgumu, wa pamba ya kushindilia, siyo wa kufuma. Kufuma nimeacha."

Farhat aliwatazama mmoja mmoja. Mume aliyezunguka mji mzima na dawa za watu, na bado akapata muda wa kutafuta feni. Binti aliyetaka kumpa kompyuta yake mwenyewe. Mama huyu, aliyekuwa tayari kuiacha ziara yake ilale miaka sita mingine. Kifua chake kilijaa shukrani mpaka kikamuuma, na kama kawaida, neno lake likaja lenyewe mdomoni.

"Hiki kibao kinatosha, Mama. Tunashukuru. Ila..."

Akakwama.

Taki alikuwa ameshainamia simu. Kisa alichukua kaukau. Lakini Mama Gulshan aliweka kikombe chini, akaegemeza viwiko juu ya meza, akamkazia macho mkwewe kwa uvumilivu uleule anaotumia kuhesabu vitanzi vya uzi.

"Malizia."

"Si kitu, Mama."

"Gelasius alikuuliza kwa nini kitandani, ukafungua mdomo, Taki akajibu. Na mimi nikajibu. Wewe hukujibu. Sasa umesema 'ila'. Taki, weka hiyo simu. Malizia, mwanangu, sina pa kwenda."

Mvuke wa chai uliendelea kupanda. Farhat alikunja mikono yake juu ya kitambaa cha meza, kama yule mama wa Uvira juu ya shuka.

"Ila nataka meza," akasema. "Yangu ya kazi, na kiti chake. Pale dirishani, lilipo kabati la vyombo. Nataka nikikalimania watu niwe nimekaa nimenyooka, nione nje." Akasogeza kikombe chake kando. "Futi yako iko kwenye droo yangu, Mama. Mimi ndiye niliyeichukua. Nilishapima. Inaingia."